Nani Mwenye Shetani?

Ijumaa iliyopita, ndani ya steshenari moja ya Magomeni, kijana wa kutoa kopi alizungusha kiti chake, akautazama umati uliobanana mbele ya kaunta, akauliza kwa sauti ya kondakta anayetafuta kichwa kimoja gari lijae: "Nani mwenye Shetani?"

Kimya.

"Shetani wa nani, jamani? Namba kumi na tano. Nimtoe kwa rangi au nyeusi?"

Alikuwa wa kwangu. Nilikuwa nimejibanza pembeni ya mashine ya leminesheni, flashi nimeshamkabidhi, nimeshamnong'oneza kwamba kazi yenyewe ni ya sanaa, ina picha 78, azifungue moja moja, taratibu. Akanijibu, "Usijali, dada." Siku hizi neno hilo likitoka kinywani mwa mtu aliyeshika mausi, tumbo linaniuma.

Skrini ya duka lile imegeuziwa wateja, eti kila mtu aione kazi yake kabla haijatoka. Basi kila mtu akaiona kazi yangu: kunguru mwenye shingo ya kijivu, amesimama juu ya pipa la taka, mabawa kayatanua, na chini ya miguu yake vifaranga wawili wa kuku wamefungwa minyororo shingoni. Chini kabisa, kwa herufi nilizozihangaikia hadi macho yakavimba: SHETANI. Waliokuwa mbele ya skrini ni mama aliyekuja kutoa kopi vitambulisho vya NIDA vya ukoo mzima, binti mwenye bahasha ya vyeti, mwalimu aliyeukumbatia mtihani kifuani usionekane, mzee wa kanzu mwenye hati ya kiwanja, na kaka mmoja wa suti ya kijani, kwapani ana Biblia yenye zipu.

"Kwa rangi," nikasema.

"Na Mauti?"

"Naye kwa rangi."

"Mauti ngapi, dada?"

"Moja inatosha."

Mama wa vitambulisho akavihamisha vitambulisho vyake hadi upande wa pili wa kaunta, mbali na flashi yangu.

Hapo ndipo mashine ilipokwama. Niruhusuni nieleze kwa nini, maana waliokuwa mle ndani wana maelezo yao, nami nina yangu. Karata nzuri haitengenezwi kwa karatasi moja. Zile za kiwandani ni karatasi mbili zilizogandishwa kwa gundi nyeusi katikati, na weusi ule haukuwekwa kwa urembo. Unazuia mwanga usipenye, ili aliyekaa mbele yako asikusomee mkono wako kwa nyuma jua likipiga. Juu yake hupakwa vanishi, na uso mzima hutiwa vibonyeo vidogo mno, ukipitisha kidole unavihisi kuliko unavyoviona, ili hewa ipite kati ya karata na karata zisishikane zinapochanganywa. Mimi nilikuwa na manila ya gramu 300, nimeinunua Kariakoo, nyeupe, ngumu, unaigonga kwa ukucha inaitika. Printa ya steshenari imezoea karatasi ya gramu 80. Huivuta kwa magurudumu ya mpira, ikaipindisha kwenye kona kali tumboni mwake, ndipo ikaitema juu. Gramu 80 hupinda. Gramu 300 zina msimamo.

"Shetani amekwama," kijana akatangaza.

Akafungua mlango wa mbele wa mashine, akafungua na wa nyuma, akaingiza mkono hadi kiwiko. "Yuko ndani kabisa huyu. Hatoki."

Kaka wa suti ya kijani akanyanyua mkono wake usio na Biblia. "Ashindwe!"

"Na alegee!" wakaitikia watu watatu, mmoja wao akiwa nje barabarani, anauza karanga.

Mashine ikakohoa, ikamtema. Alitoka mzima, rangi zimekolea, ana mkunjo mmoja tu kwenye bawa la kushoto. Watu wakapiga makofi. Kazi yangu haijawahi kupigiwa makofi mahali popote, na hata haya nina hakika hayakuwa yangu.

Mzee wa kanzu akanisogelea. "Mwanangu, hii ramli?"

"Shikamoo, babu. Hapana, ni karata."

"Marahaba. Karata za kuchezea?"

"Zamani zilikuwa za kuchezea."

"Na sasa?"

Swali hilo halijibiki mtu ukiwa umesimama kwenye foleni. Nyuma yangu mtu alinong'ona "ramli chonganishi", na anayeijua nchi hii anajua kuwa maneno hayo si ya kutaniana. Basi babu, popote ulipo na hati yako, jibu lako hili hapa, sasa nimekaa.

Taroti ni karata 78. Ukitoa 22, zinazobaki 56 ni hizi hizi za barazani, ila kila fungu limeongezewa mtu mmoja: pamoja na ghulamu, bibi na mfalme, yupo mpanda farasi. Mafungu yenyewe ni vikombe, dhahabu, fimbo na panga. Mtu akisikia hivyo anadhani tumeshaingia kwenye mikoba ya waganga. Kumbe ndizo kopa, uru, pau na shupaza. Mreno, kabla ya kuipoteza Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1698, alikuwa ameshatuachia karata zake na majina yake: copas vikombe, ouros dhahabu, paus fimbo, espadas panga. Baadaye zikaja karata za mtindo wa Kifaransa, zenye moyo na almasi, tukazipokea, lakini majina hatukubadilisha. Mzee anayebamiza kopa mezani huku ameshika picha ya moyo anataja kikombe ambacho maisha yake yote hajakiona. Mimi nilikiona siku nilipochora Ree ya Kopa, nikaweka penseli chini, nikacheka peke yangu hadi mtoto wa jirani akaja kuchungulia dirishani.

Na zile 22? Hizo ni turufu, kwa jina hilo hilo. Waitaliano wa karne ya 15 waliziita trionfi, Mreno akasema trunfo, sisi tukamalizia kazi. Zilichorwa kwa ajili ya watawala wa Milan, wa koo za Visconti na Sforza, juu ya dhahabu iliyopigwa nyembamba, ili watu wenye pesa na muda wapate kitu cha kubamiza mezani baada ya chakula. Hakuna aliyetabiriwa kitu. Ilikuwa ni karata.

Anayestahili kulaumiwa kwa yaliyonipata Magomeni ni Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin. Mwaka 1781 aliandika kwamba taroti ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale. Maandishi ya Misri ya kale yalikuwa hayajasomwa na mtu. Champollion aliyafumbua mwaka 1822. Yaani bwana yule alikitambua kitabu kwa lugha ambayo hakuna aliyekuwa akiijua duniani. Nikimkumbuka, nawasamehe baadhi ya wachambuzi wetu wa mpira. Punde si punde akatokea mwenzake, Alliette, akaligeuza jina lake kinyumenyume likawa Etteilla, akachapisha karata mahsusi za kutazamia, na biashara ikaanza. Kinachoniuma ni kwamba Misri inahusika kweli, ila si hiyo yao. Katika jumba la Topkapi, Istanbul, ipo seti ya karata za Wamamluki, watawala Waislamu wa Misri: vikombe, dhahabu, panga, na magongo ya kuchezea polo. Hakuna picha ya mtu hata moja. Mfalme, naibu na naibu wa pili wameandikwa kwa maneno tu. Ulaya haikuujua mchezo wa polo, hivyo magongo yakageuka fimbo. Ungeniuliza pale dukani, babu, ningekwambia kwamba zina asili ya kwenu kuliko ya kanisani, na sijui kama hilo lingenisaidia.

Nikasoma tena, nikakuta jambo lililoninyima usingizi. Karata za wanyama si wazo langu. Ujerumani, katikati ya karne ya 18, watengeneza karata walizifuta zile picha za kale kwenye turufu, Mauti na Shetani na wote, wakaweka wanyama. Hawakuwa na fumbo lolote. Mchezaji wa turufu anatazama namba peke yake. 21 inaila 20, na 20 inaila 19. Ukichora tembo au ukichora bata, mezani ni mamoja. Kwa hiyo mchoraji akapewa uhuru wote kwa sababu hakuna aliyejali alichochora. Hadi leo kule Msitu Mweusi kuna watu wanaocheza mchezo uitwao Cego kwa karata zenye wanyama. Tafadhali likumbuke hilo la namba.

Wanyama wangu niliwapanga kwa utaratibu. Waumini wa taroti husema vikombe ni maji, dhahabu ni ardhi, panga ni hewa, fimbo ni moto. Kopa nikawapa wa baharini: pweza, kasa, changu, kaa. Uru nikawapa mifugo, maana mali ya kweli ina kwato. Shupaza ndege. Pau, yaani moto, ilinitesa wiki kadhaa, hadi usiku mmoja nilipoamka kunywa maji nikawasha taa ya jikoni ghafla. Mende, panya, mjusi, paka wa jirani: wote walikuwepo, wamelizunguka jiko, wamenitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni. Nikachora hadi alfajiri. Yule mpanda farasi wa ziada hakunisumbua. Mpanda farasi wa Uru ni yangeyange mweupe juu ya mgongo wa ng'ombe, na sikubuni kitu. Pita malishoni utamwona amesimama hapo na hiyo sura yake ya mwenye ng'ombe.

Turufu ndizo zilizonipa raha. Sungura ni Mchawi, bila mjadala. Wapenzi ni digidigi, maana wao huishi wawili wawili. Mtawa ni kobe mkubwa wa kisiwa cha Changuu. Gurudumu la Bahati ni yule mdudu anayeviringisha kinyesi akirudi kinyumenyume. Mnara ni kichuguu kilichobomolewa na mhanga usiku, mchwa wanakimbia huku na huko wakiulizana. Hukumu, anayewaamsha waliolala, ni jogoo. Shetani nilimfikiria sana. Ulaya humpa sura ya mbuzi, lakini mbuzi ni mtu wa kwenye kila sherehe yetu, tena huja akiwa mzima akiwa amezungushiwa mboga. Kumwita Shetani ni kukosa shukrani. Kunguru wa shingo ya kijivu si wa huku. Alipelekwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka. Alizila, kisha akahamia kwenye mayai na vifaranga vya ndege wenyeji, akavuka bahari, akaichukua Dar es Salaam mtaa kwa mtaa. Mmoja wao alinipokonya sambusa mkononi mbele ya watu ninaowaheshimu. Hicho kiti alikipata kwa sifa.

Popo naye ni Aliyenyongwa, namba 12. Katika picha za kale huyu ni mtu anayening'inia kichwa chini kwa mguu mmoja, na uso wake umetulia kabisa, hana wasiwasi. Watazamiaji husema ni mtu aliyekubali kuiona dunia kwa upande mwingine. Nani ametulia akiwa kichwa chini kuliko popo? Niliona hiyo ndiyo karata bora katika zote 78. Nilimchora amejifunika mabawa, jicho moja wazi, ananing'inia kwenye mwembe.

Turudi dukani. Kijana alikuwa amerudi kwenye namba 12, akaniita kwa furaha ya mtu anayesubiri kupongezwa. "Dada, huyu ulikuwa umemgeuza. Nimekurekebishia."

Popo wangu alikuwa amesimama. Amesimama wima juu ya tawi aliloling'ang'ania kwa kucha, na mwembe unaota kwenda chini. Jicho moja wazi. Neno ALIYENYONGWA alilikata akalibandika upya ili lisomeke. Nikamwambia popo hukaa vile. Akasema, "Najua, lakini kwenye picha haipendezi."

Kisha vipimo. Karata ya taroti ni pana milimita 70 na ndefu milimita 120. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Tatu mara 70 ni 210 kamili, na utaona ni neema, zinakaa tatu tatu, safu mbili, karatasi 13 kazi imekwisha. Lakini printa haichapi hadi ukingoni. Huacha milimita chache kila upande kwa ajili ya vidole vyake yenyewe. Wajerumani walipoipanga A4 mwaka 1922 hawakumfikiria mtu wa karata hata kidogo. Kila mnyama aliyekaa pembeni alipoteza kitu: mikia upande wa kulia, masikio upande wa kushoto. Digidigi wa kike alipotea kuanzia begani, kwa hiyo Wapenzi ni dume mmoja amesimama peke yake na pua ya mtu mwingine. Mgongoni mwa kila karata nilichora kuku. Kijana akaichapa karibu nusu ya migongo kwa kugeuzia karatasi upande mfupi badala ya mrefu, na kuku wa hapo wote wakawa miguu juu.

Nikalipa. Wakati nakusanya, yule kaka wa suti ya kijani akaja, akawatazama wanyama mmoja mmoja, kwa makini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Dada, una kipaji. Hawa ndege umewachora mwenyewe? Kwaya yetu inahitaji nembo. Na mabango ya mkutano." Nikamuuliza wana bajeti ya kiasi gani. Akanitazama kwa masikitiko zaidi kuliko alivyomtazama Shetani. "Ni kazi ya Mungu, dada."

Ni kuchora tu. Ni dakika mbili. Wewe si unapenda? Nikitaka kuanza kukasirika huwa namfikiria Pamela Colman Smith. Alizaliwa London mwaka 1878, sehemu ya utoto wake akaiishi Jamaika, akasomea sanaa Brooklyn, na mwaka 1899 akachapisha hadithi za Anansi, yule buibui mjanja, ndugu wa sungura wetu kwa tabia, kama alivyozisikia Jamaika. Mwaka 1909, katika miezi michache, alichora taroti nzima, karata zote 78, kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Hata zile ndogo ambazo kwa kawaida huwa na vikombe vitano au panga saba tu zimepangwa, yeye aliziwekea watu, hali ya hewa na majonzi. Tena wanyama wamo tele kwa anayetazama: paka mweusi miguuni pa Malkia wa Fimbo, samaki anayechungulia kutoka ndani ya kikombe, konokono chini ya vazi la tajiri wa dhahabu tisa. Akalipwa mara moja, kidogo, ikaisha. Karata zile zimeuzwa dunia nzima tangu wakati huo. Zikapewa jina la mchapishaji na la Waite: Rider-Waite. Pamela alifariki mwaka 1951 huko Bude, Cornwall, na vitu vyake vikauzwa kulipia madeni. Kwenye kona ya chini ya kila karata aliacha alama yake, herufi tatu zilizosokotwa ndogo ndogo, inabidi uinamie karata kuiona. Ndiyo malipo yaliyobaki. Siku hizi watu wameanza kuongeza jina lake mwishoni, Rider-Waite-Smith, wa tatu kati ya watatu, aliyeshika brashi.

Nilikuwa nalitafakari hilo Jumanne nilipoitwa kwenye duka la vitu vya watalii, ambako nilikuwa nimeacha sampuli. Mwenye duka ni mama mpole, alinikaribisha chai. Alizitandaza karata mezani. "Simba yuko wapi?"

Nikamwambia hakuna simba. Nguvu ni siafu.

"Tembo?"

Hakuna.

"Twiga jamani, hata twiga?"

Nikajaribu kumweleza kwamba mgeni anayeshuka Zanzibar kwa siku tano atakutana na kunguru, paka, mjusi na punda. Kwamba kumpiga picha simba kila mtu amempiga. Kwamba ndani ya nyumba zetu kuna ulimwengu mzima wa viumbe ambao hakuna anayewachora isipokuwa kwenye kopo la dawa ya kuwaulia. Akanisikiliza hadi mwisho. Akaniambia wageni hawalipi dola kununua mende. Hapo alikuwa na hoja, na tena kwenye karata ya Nguvu ya mwaka 1909 yupo simba kweli, jambo nililolinyamazia. Masharti yake yalikuwa hivi: niwatoe wa jikoni, niweke wa mbugani, nichapishe kwa gharama yangu, yeye achukue kwa mali kauli, akiuza ndipo tugawane, na ile saini yangu ndogo pale kona ya chini itoke, iwekwe nembo ya duka, "ili iwe na mwonekano wa kampuni." Chai ilikuwa na tangawizi nzuri. Niliimaliza. Nikasema nitafikiria, na njia nzima ya kurudi nikawa namjibu kwa sauti ndani ya daladala.

Mengine ni madogo. Shangazi, ambaye ana miadi ya kung'olewa jino, aliomba achague karata moja kwa kujifurahisha tu, akatoa Mauti, na sasa jino limeahirishwa. Mpwa wangu ameimeza kona ya Jua. Jirani ameniuliza kwa sauti ya ukutani mbona siku hizi simtafuti paka wake kumpiga picha, na nikagundua kwamba mtaa mzima ulikuwa unajua.

Zile mbovu, za kuku miguu juu na mikia iliyokatika, nilitaka kuzichoma, mzee mmoja wa barazani kwetu akaziomba. Akauliza zinachezwaje. Nikamweleza kama Wafaransa wanavyocheza hadi leo: unafuata fungu lililoanzishwa, ukikosa unapiga turufu, 21 ndiyo kubwa, na Mpumbavu ukimtupa unasamehewa zamu yako. Nilidhani nitaeleza hadi usiku. Akageuka kwa wenzake, akasema, "Kumbe ni karata," wakagawana.

Wanacheza kila siku baada ya Alasiri. Hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu mnyama hata mmoja. Popo aliyesimama wanamwita Kumi na Mbili. Shetani ni Kumi na Tano, na hupigwa mezani kwa nguvu kuliko nilivyompiga rangi. Juzi ulitokea ugomvi mkubwa: mzee anayekaa upande wa mashariki alikuwa anashinda mno, ikabainika kwamba jua la jioni linapiga manila upande wa pili na yeye anasoma namba za wenzake kwa nyuma, na mawingu yakija hutumia kuku, maana walio miguu juu ameshawakariri wote.

Jana wamemtuma mtoto aniite. Wanataka seti nyingine. Iwe nene, weusi uwekwe katikati kama zile za kiwandani, kuku aondolewe mgongoni kabisa, namba ziwe kubwa mtu asome bila miwani.

"Na hao wanyama, mwanangu," mzee akasema, "kama ndio wanaokuchelewesha, waache." Akanihesabia nusu ya pesa papo hapo, na punguzo hakuomba.